Kabla hujaacha kazi ya mkandarasi ukajitegemee kwenye ujenzi hapa Mwanza, pitia huku kwanza

Mwiko wa Igoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025 na ajira zake kuisha, simu yangu haipoi. Vijana niliowahi kufanya nao kazi wananiuliza jambo moja: "Kaka, nimfuate mkandarasi mkoa mwingine, au nibaki Mwanza nijitegemee?" Nimewajibu mmoja mmoja hadi nimechoka, nikaona niandike pahali pamoja.

Mimi ni fundi wa kuta na zege. Nina miaka 14 kwenye kazi hii, mitano ya kwanza kwa wakandarasi na tisa nikijitegemea. Naishi Igoma.

Wengi wanaotaka kujitegemea wanajipima kwa mikono. Najua kusimamisha kona, najua kufunga nondo, plasta yangu haina mawimbi, basi niko tayari. Mikono inakuingiza mlangoni tu. Nawajua mafundi wanaonizidi kwa mbali ambao wamerudi kuwa deiwaka (kibarua wa kulipwa kwa siku), na nawajua wenye mikono ya kawaida wanaosomesha watoto kwa kazi hii hii. Mimi ukiniuliza kama inakufaa, nakuuliza hivi: umekaa wiki tatu bila kazi, unga umeisha ndani, na kwenye simu yako kuna laki nane za bosi, yaani mwenye nyumba, wa Kisesa za kuanzia msingi Jumatatu. Unazigusa?

Hakuna anayeanza kwa nia ya kuiba. Inaanza hivi. Umemaliza Buhongwa, bosi hajakumalizia laki tano zako. Vijana wako wanadai, na wana haki. Inaingia advansi ya Kisesa, unawalipa nayo vijana wa Buhongwa. Sasa Kisesa huna cha kuanzia, unatafuta kazi Usagara upate advansi ya kuanzia Kisesa. Miezi miwili baadaye una saiti tatu zimesimama, simu unaizima usiku, na mabosi watatu wanawaambia majirani zao kwamba wewe ni tapeli. Mimi nilifika saiti mbili, mwaka wangu wa pili. Nilitoka kwa kuuza pikipiki. Mke wangu ndiye aliyesema iuzwe, na hadi leo namshukuru.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo watu wanapoumia bila kujua. Hii ni kazi yangu mwenyewe, nyumba ya vyumba vitatu Kisesa, kutoka msingi hadi linta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango), vifaa vyote juu ya bosi. Tulipatana ufundi milioni 2.4. Nilifurahi sana siku ile. Nikakadiria siku 30 za kazi. Saidia fundi watatu kwa 12,000 kila mmoja kwa siku, hiyo ni 1,080,000. Fundi mwenzangu kwa 25,000, ni 750,000. Ikabaki 570,000. Nauli yangu 2,000 kwa siku, 60,000. Makoleo mawili, ndoo, kamba na mwiko mpya, 45,000. Ikabaki 465,000. Halafu simenti ikachelewa, mchanga ukachelewa, mvua ikanyesha, jumla siku tisa tumekaa. Vijana siku hizo hawalipwi, wanakwenda kutafuta kwingine. Mimi siwezi kwenda popote, saiti ni yangu. Siku 39. Gawanya 465,000 kwa 39 uone.

Ni 11,900 na kidogo. Saidia fundi wangu aliyekuwa anachanganya zege alipata 12,000.

Niligundua usiku, nimekaa na daftari la mtoto. Tangu siku ile sipatani bei kabla sijaandika siku, watu, nauli na siku za kukaa bure. Kama kuandika hivyo unaona ni usumbufu, bado uko vizuri zaidi kwa mkandarasi, na hakuna aibu yoyote hapo.

La tatu ni mji wetu wenyewe. Mwanza tunajenga juu ya mawe. Bei ya msingi wa Kisesa huwezi kuipeleka Bugarika au Isamilo. Nilipewa kazi Isamilo kwa picha za WhatsApp, mwenye kiwanja akaniambia ni tambarare. Sentimita 40 chini ya udongo tukakuta jabali. Tulichoma magogo juu yake, tukamwagia maji, tukapiga nyundo kubwa siku nane, na bei yangu ilikuwa ya kuchimba udongo. Isitoshe fuso la mchanga liliishia chini barabarani, na kila ndoo ilipanda kilimani kichwani kwa mtu anayelipwa. Siku hizi nakwenda na mtaimbo. Nachoma pembe zote nne na katikati kabla sijataja bei.

Karibuni.

Deiwaka wa Mkolani

Shikamoo kaka. Mimi nimemaliza chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato, fani ya uashi, nina miaka 23. Nipo Mkolani kwa kaka yangu. Kwa sasa nakwenda saiti kama deiwaka, kuna wiki napata siku nne, kuna wiki siku moja. Cheti ninacho, mikono ninaamini ninayo. Lakini hayo ya advansi yamenitia hofu, maana sina hata pikipiki ya kuuza. Je, kwa mtu wa kuanzia sifuri kama mimi, nisubiri niwe na mtaji kwanza?

Mwiko wa Igoma

Marahaba mdogo wangu. Usisubiri mtaji, punguza ukubwa wa kazi. Usianze na nyumba nzima. Anza na karo, chemba, choo cha nje, uzio, banda la kuku. Kazi ya siku nne hadi kumi, bosi anaiona inaisha mbele ya macho yake, na ukikosea hesabu unapoteza elfu 40, hupotezi pikipiki. Mimi ningependa ufanye karo kumi kabla hujashika boma moja la nyumba. Na hizo siku za udeiwaka usiziache kwa sasa. Ziweke kati ya kazi na kazi.

Nondo Mm 16

Mkuu Mwiko, nakuheshimu ila nitapingana nawe kidogo. Mimi ni fundi nondo, nimekuwa kwenye miradi mikubwa tu, na sijawahi kutamani kujitegemea. Kwa mkandarasi nina mkataba, nachangiwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), naingia saiti na helmeti na buti, nikiumia kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wewe ukidondoka kwenye jukwaa la mirunda huko Kisesa nani anakulipa? Vijana wanaona uhuru, hawaoni hilo.

Nakubali kwamba mradi ukiisha na mkataba umeisha. Daraja lilipokwisha tulitawanyika. Kuna waliokwenda reli ya SGR kipande cha Mwanza–Isaka, kuna waliorudi kijijini. Mimi nilikaa miezi miwili. Lakini miezi miwili hiyo niliikaa na akiba.

Mwiko wa Igoma

Hapa sina cha kukupinga, na ni kosa langu kutolisema mwanzo. Fundi niliyekuwa namlipa 25,000 pale Kisesa alianguka mwaka uliofuata, kazi ya mtu mwingine, wakati wa kupaua. Mrunda ulivunjika. Alilazwa Bugando na mguu ukapona, ila miezi mitano hakushika mwiko. Bosi wa ile saiti alitoa laki moja na simu yake ikawa haipatikani. Tulichangishana mafundi wa Igoma. Mfuko wa Fidia ni wa aliyeajiriwa, wewe uliyepatana kazi kwa mdomo hauko humo. Tena wale vijana watatu unaowaita asubuhi, wakianguka, kila mtu atakutazama wewe.

NSSF wanapokea pia mchango wa hiari wa aliyejiajiri. Nilijiunga nikiwa nimechelewa, mwaka wa sita. Jiungeni mapema. Mirunda mnunue wenyewe muitunze, msipande ya kuokoteza. Na kamba ya kujifunga kiunoni wakati wa kupaua ni bei ya chakula cha mchana cha siku chache tu.

Ila Nondo, umesema jambo moja kubwa: ulikaa miezi miwili na akiba. Mtu wa aina yako hata akijitegemea ataishi. Anayekula mshahara wa mkandarasi hadi senti ya mwisho kila mwezi asidhani kujitegemea kutamfundisha kuweka. Huku njaa inakuja mapema zaidi.

Vigae Pasiansi

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mwanamke, fundi vigae na rangi, nipo Pasiansi. Mnaongea kama ujenzi ni kuta tu. Sisi wa umaliziaji tuna raha zetu na shida zetu.

Raha: tunafanya kazi ndani, masika ya Machi hadi Mei haituhusu sana, kazi ni ya siku chache, sihitaji jeshi la watu. Niko mimi na binti mmoja namfundisha. Kifaa changu kikubwa ni mashine ya kukatia vigae. Kama mtu anauliza fani gani inafaa kujitegemea, mimi nasema hii.

Shida: tunakuja mwisho, na hela ya mwenye nyumba nayo inakuwa mwisho. Amepigwa kwenye bati, amepigwa kwenye madirisha, ukifika wewe anataka vigae viwekwe kwa nusu bei, na anataka ahamie Krismasi. Mimi nalipwa chumba kwa chumba. Nikimaliza sebule na hela ya sebule haijaingia, jikoni sianzi. Mwanzo nilikuwa naona haya kusema. Kuna nyumba Nyegezi nilimaliza yote, familia ikahamia, nikawa nakwenda kudai hela yangu nakuta watoto wanacheza juu ya vigae nilivyopanga mimi. Nilidai miezi saba. Haya iliniisha pale.

Lingine, nikifika saiti mara nyingi naulizwa, "Fundi yuko wapi?" Nilikuwa naumia. Siku hizi naweka mstari wa kwanza wa vigae, naweka pima maji juu yake, namwita mwenye nyumba aje aone povu limekaa katikati. Haulizi tena.

Mama Buswelu

Naomba niseme kama mteja. Mimi ni mwalimu, nimejenga Buswelu kidogo kidogo kwa miaka sita. Nimepita mafundi wanne. Watatu sitawataja kwa wema. Wa nne bado ni wangu, nimempeleka kwa walimu wenzangu watano.

Nitawaambia kwa nini. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, mifuko mitupu ya simenti usiitupe, itakaa hapa kando ya ukuta, kila Jumamosi tuhesabu pamoja." Nilinunua mifuko 50, nikahesabu mitupu 32, ya kujaa 18 stoo. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo. Tena zege alipima kwa ndoo mbele yangu, moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto, wakati yule wa kwanza alikuwa anachota kwa koleo huku anaongea na simu. Akamaliza kumwaga linta akanipa kazi mimi mwenyewe: mwagilia asubuhi na jioni siku saba, na usiniambie niondoe mbao mapema.

Kila jioni saa kumi na mbili ananitumia picha mbili. Niko darasani siwezi kuja saiti, zile picha ndizo macho yangu.

Mnasema wateja hatulipi. Tupo tusiolipa, sikatai. Ila jueni pia mshahara wa mwalimu unajengaje. Januari ni ada na sare, mwezi huo msinitegemee. Huyu fundi wangu anajua, Januari hanitafuti, anakwenda kwa wafanyabiashara. Februari mwishoni ananipigia.

Mwiko wa Igoma

Mwalimu, shikamoo na asante sana. Hilo la Januari vijana walishike. Kila bosi ana majira yake kama mvua ilivyo na majira. Wafanyakazi wanajenga baada ya mshahara. Wakulima wa pamba na mpunga wanajenga wakishauza. Mimi daftari langu lina ukurasa wa kila mwezi, nani huwa na hela lini. Juni hadi Septemba kumekauka, kazi ni nyingi hadi unakataa nyingine, na hiyo ndiyo miezi ya kuweka akiba ya Aprili. Anayekula Julai yote, Aprili atagusa hela ya mtu.

Upepo wa Ziwa

Wakuu mimi nina swali la haraka. Nimepewa kazi nzuri sana, mtu wa Dar anataka nyumba ya kupumzikia huku Luchelele, kiwanja kinagusa maji kabisa. Ufundi ananipa bila kupunguza hata shilingi. Anataka tuanze wiki ijayo. Hii siyo nafasi ya kutoka jamani?

Mwiko wa Igoma

Ndugu yangu, simama kwanza. Kutoka ukingo wa maji hadi unapopanga kuchimba ni mita ngapi? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Mwenye kiwanja yuko Dar. Siku wakija na rangi nyekundu kuandika X ya kubomoa, watakaokutwa pale ni wewe na vijana wako. Yeye atasimamisha malipo siku hiyo hiyo, na nondo zitakaa zinaota kutu.

Achilia mbali sheria, ziwa lenyewe halina mpaka wa kuaminika. 2020 lilipanda, 2024 likapanda kupita hapo. Nenda kawaulize wavuvi wa hapo maji yalifika wapi, wakuoneshe kwa kidole. Kisha muombe bosi nakala ya kibali cha ujenzi cha halmashauri. Akikupa kibali na vipimo viko sawa, mpongeze, fanya kazi. Akikwambia "wewe anza, mambo ya karatasi niachie mimi", mshukuru urudi nyumbani.

Upepo wa Ziwa

Nimepima kwa hatua jioni hii. Ni kama 25. Nimeumia, ila nimekuelewa.

Nondo Mm 16

Niongeze hapo kwenye karatasi. Kijana akianza kujulikana anashawishika kujiita mkandarasi, anachapisha kadi na kibao. Ukandarasi unasajiliwa na CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), na kwa wakandarasi wa majengo ngazi zinaanzia daraja la saba kupanda hadi la kwanza. Kama hujasajiliwa wewe ni fundi, na fundi ni jina la heshima. Kuna kazi za serikali zinazomhitaji fundi kama wewe: madarasa na zahanati zinazojengwa kwa force akaunti, yaani bila mkandarasi, kamati inatafuta mafundi wa eneo husika. Kuwa na utambulisho wa serikali ya mtaa, TIN (namba ya mlipakodi), na cheti.

Kwa waliojifunza saiti bila kupita chuo, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Wanakupima kazi unayoijua na kukupa cheti. Nina rafiki alikipata akiwa na miaka 41, alikuwa amejenga tangu ana 17.

Deiwaka wa Mkolani

Wabeja sana wote. Kaka Mwiko, naomba nikuulize hili ndipo nilale. Leo mama mmoja wa Kishiri ameniita nimjengee uzio. Anasema ni mita 60 hivi kwa jicho, tofali za inchi 5, kozi (safu za tofali) nane. Anataka nimpe bei kesho asubuhi kwa simu, na yuko tayari kutuma laki mbili hapo hapo nianze. Laki mbili kwangu kwa sasa ni kitu kikubwa. Kaka yangu naye ananiangalia kila nikirudi mikono mitupu.

Mwiko wa Igoma

Nakuelewa, nimewahi kuangaliwa hivyo hivyo.

Kesho asubuhi usimpe bei. Mwambie, "Mama, shikamoo, nakuja kuona kiwanja saa mbili." Nenda na futi ya mita 30 na mtaimbo, kama huna pita hapa Igoma kabla ya saa moja uchukue vyangu. "Mita 60 kwa jicho" zinaweza kuwa 80. Kishiri kuna sehemu ina mwinuko, kwa hiyo uzio utashuka kwa ngazi na msingi wa upande wa chini utakwenda juu zaidi, hizo ni kozi za bure kama hukuzihesabu. Angalia maji ya mvua ya jirani yanapita wapi, usije kuziba njia yake ukuta ukalala Aprili. Muulize maji ya kujengea yanatoka wapi na nani analipa.

Laki mbili usipokee kesho. Mwambie atume siku tofali zikishushwa. Ikiingia, andika kwenye daftari mbele yake, na iwe ya saidia fundi na chakula cha saiti ile peke yake. Kama ndani kwa kaka yako hakuna kitu kabisa, keshokutwa nina plasta Nyakato, njoo siku tatu nikulipe kila jioni, ili uingie Kishiri ukiwa umeshiba.

Deiwaka wa Mkolani

Nitakuwa hapo saa kumi na mbili na nusu kaka.

Mwiko wa Igoma

Sawa. Ukirudi kutoka Kishiri nitumie vipimo na picha ya kila pembe, tuandike hizo siku pamoja.